VHT Wrinkle Plus: rangi ya makunyanzi kwa kava za tapeti za magari ya zamani

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa fundi anayerudisha injini ya zamani katika sura yake ya kiwandani na hana kompresa wala bunduki ya rangi, hakuna njia fupi zaidi ya kupata makunyanzi ya kweli, yaani mikunjo midogo ya rangi, kwenye kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu cha injini. Yakitoka vizuri, hata mtu anayezijua injini hizo itabidi ainame ndipo atofautishe. Nyota ya tano imeondoka kwa sababu rangi hii haisamehe. Ukiikosea unaivua yote na kuanza upya, kwa kuwa huwezi kurekebisha kipande kimoja ukaacha kingine.

Kopo la kupuliza lina gramu 312. Rangi zake ni pamoja na nyeusi, nyekundu na kijivu. Kiwango cha joto kilichoandikwa ni nyuzi 350 za Farenhaiti, yaani takriban 177 za Selsiasi, na namba hiyo ikumbukwe kabla ya kuamua ni sehemu gani ya injini ipakwe. Kava ya tapeti, hausi ya eakilina, kifuniko cha mbele cha mnyororo wa kamshafti na mabano ya alternata vyote viko salama. Manifoldi ya kuingiza hewa inategemea: ile iliyokaa mbali na ekzosi haina tatizo, lakini zipo injini za zamani ambazo moshi wa ekzosi hupitishwa chini ya kabureta ili kupasha petroli, na sehemu hiyo ya manifoldi huichoma rangi mpaka ikabadilika na kubanduka. Manifoldi ya ekzosi na hausi ya tabo usifikirie kabisa.

Tuseme mapema pia kwamba si kila injini ya zamani inastahili makunyanzi. Chrysler waliweka kava nyeusi za namna hii kwenye injini yao ya 426 Hemi ya barabarani iliyotoka mwaka 1966, na Honda wakaweka nyekundu kwenye gari lao la Integra Type R. Huko rangi hii iko nyumbani. Kava za injini ya Jaguar XK zilizozoeleka ni alumini iliyong'arishwa, na kuzipaka makunyanzi ni kuharibu kitu kizuri. Tafuta picha za injini ambayo haijaguswa kabla hujanunua kopo, na usitazame rangi tu: angalia ukubwa wa makunyanzi, na uone kama mbavu na herufi zilizoinuka ziliachwa chuma kitupu au zilifunikwa pamoja na sehemu nyingine.

Kinachofanya rangi ikunjamane

Anayeelewa jambo hili hahitaji kukariri maelekezo ya kopo. Rangi hizi hukauka kwa kula oksijeni ya hewa, na zimewekewa kemikali inayofanya uso wa juu ukauke haraka kuliko tabaka la chini. Utando wa juu unashikana huku chini bado kuna rangi mbichi. Utando huo unavimba unapoendelea kunyonya oksijeni na kimiminika kutoka chini, unataka kutanuka, lakini kingo zake zimeshikwa na hauna pa kwenda. Basi unajikunja.

Mengine yote yanatoka hapo. Rangi nyembamba hukauka juu na chini kwa wakati mmoja, kwa hiyo haikunjamani, inabaki laini kama rangi ya kawaida. Rangi nene ina ubichi mwingi chini yake, hivyo makunyanzi yanakuwa makubwa. Joto linaharakisha utando wa juu, na matokeo yake ni makunyanzi madogo yaliyobanana na yanayolingana. Ubaridi unachelewesha kila kitu. Mikunjo inakuja mikubwa, ya ovyo, au haiji.

Viwanda vilizipenda rangi hizi kwa sababu za pesa kuliko urembo. Katika miaka ya 1930 kampuni ya New Wrinkle, Inc. ya Dayton, Ohio, ilimiliki hataza za rangi za makunyanzi na kuwapa leseni watengenezaji wengine, na rangi zikaenea kwenye redio, taipureta na mashine za ofisini. Kitu kilichosubiwa kwenye mchanga hutoka na vishimo, alama za ukungu na mikwaruzo ya tupa. Makunyanzi hufunika vyote hivyo bila kumlipa mtu wa kusugua. Hilo ni faida hata leo: kava iliyoliwa kidogo na kutu ya alumini, ambayo ingehitaji siku ya kujaza na kusugua kabla ya rangi inayong'aa, hapa inataka usafi tu.

Lakini usafi wenyewe si mchezo.

Maandalizi, ambako kazi nyingi huharibikia

Anza kwa kugeuza kava na kuangalia ndani. Kava nyingi zina bamba la kuzuia oili isirukie bomba la kupumulia, na bamba hilo limefungwa kwa skrubu au kwa riveti. Kama unafikiria kusafisha kwa kupuliza mchanga au shanga ndogo za kioo, bamba hilo litoke kwanza, hata kama maana yake ni kutoboa riveti na kuweka nyingine baadaye. Punje zinazojificha nyuma yake hazitoki kwa kuosha. Zitatoka injini ikipata moto na oili ya moto ikianza kuzisuuza. Zitashuka hadi sampu, yaani chombo cha oili chini ya injini, pampu itazivuta, na beringi ndizo zitakazolipa. Injini imeuawa na kava safi zaidi ya mara moja katika fani hii. Ikiwa bamba haliondoleki, achana na mchanga, tumia kemikali na brashi.

Rangi ya zamani inatoka vizuri kwa kiondoa rangi cha jeli. Paka kwa wingi, funika kwa nailoni isikauke, acha dakika 20 hadi 30, kisha kwangua kwa kitu cha plastiki na brashi ya nailoni. Kusugua makunyanzi ya zamani kwa msasa ni kujitesa, kwa kuwa msasa unakula vilele tu huku mabonde yakibaki yamejaa.

Jihadhari na sabuni kali. Visafisha oveni vingi na baadhi ya sabuni za kuondoa grisi vina kostiki soda, na kostiki soda inakula alumini: kava itatoka nyeusi, yenye unga, na ukiiacha muda mrefu itaanza kuliwa kwelikweli. Soma kopo kwanza. Kwa alumini, mafuta ya taa yakifuatiwa na sabuni ya vyombo na maji ya moto hufanya kazi kubwa bila madhara.

Kabla ya hapo, hakikisha kava ni alumini. Baadhi ya injini za mbio na za magari ya bei kubwa zilikuwa na kava za magnesi, ambayo ukiishika inakuwa nyepesi kwa namna inayokushangaza. Magnesi inaliwa na tindikali, hata tindikali dhaifu, na vumbi lake inaposuguliwa kwa mashine linaweza kushika moto ambao maji huuzidisha badala ya kuuzima. Kama una shaka, ichukulie kuwa ni magnesi: hakuna gurudumu la waya, hakuna tindikali, hakuna praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya kuuma chuma.

Hatua inayorukwa na wengi ni kuitoa oili iliyozama ndani ya chuma chenyewe. Alumini ya kusubu ina matundu madogo sana, na kava iliyokaa miaka 40 juu ya injini imenyonya oili katika matundu hayo. Unaifuta, inaonekana kavu, unaipaka; halafu unaipasha ili rangi ikunjamane, na joto lilelile linaivuta oili juu, chini ya rangi mbichi. Hapo yanatokea malengelenge, au rangi inashika siku chache kisha inabanduka kama ganda. Dawa yake ni kuitangulia. Weka kava kwenye oveni ya umeme ya karakana kwa nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi kwa saa moja. Itoe, na kama kuna oili utaiona imetoka kama jasho, hasa kwenye pembe na kuzunguka matundu ya bolti. Ikishapoa, futa kwa asetoni kwa kitambaa cheupe. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kava iliyochoka inaweza kutaka mizunguko mitatu.

Aliyesafisha kwa kupuliza soda ya kuokea ana kazi ya ziada. Soda ni nzuri kwa kuwa inayeyuka kwa maji na haiachi punje za kuua beringi, lakini mabaki yake ni adui wa rangi. Suuza kwa maji ya moto mengi, futa kwa siki iliyozimuliwa, suuza tena, kausha kwa joto. Kwa magnesi, siki usiitumie.

Praima si lazima kwa kila kitu, ila kwa alumini tupu tunaipendekeza. Mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili, ya praima ya epoksi, iliyoachwa kukauka kikamilifu kama kopo lake linavyosema, inashika chuma na haisumbuliwi na thina iliyo ndani ya rangi ya makunyanzi. Neno kikamilifu lina uzito hapa. Mikono mizito ya rangi mbichi itakaa juu ya praima hiyo kwa muda mrefu kuliko rangi ya kawaida inavyokaa, na praima ambayo haijaiva italainika, itapanda juu, na utapata makunyanzi usiyoyaomba: mapana, yenye nyufa zinazoonyesha praima chini. Praima za bei nafuu za kopo, zinazoyeyuka kwa thina hata baada ya kukauka, ndizo zinazotenda hivyo mara nyingi. Zijaribu kwa kusugua kidogo kwa kitambaa chenye thina. Ikitoka rangi, itafute praima nyingine.

Ziba uso wa gasketi, nyuzi za kifuniko cha oili, na duara pale kichwa cha bolti au washa inapokaa. Duara hilo wengi hulisahau. Rangi nene iliyobanwa chini ya washa hulainika kwa joto la injini na kukandamizika, bolti inalegea, na kava inaanza kuvuja oili siku chache baada ya kufungwa. Mtu analaumu gasketi. Kata maskintepu inayostahimili joto kwa ncha ya wembe kufuata kingo, na matundu yazibe kwa vipande vya sponji au vizibo vya silikoni vinavyostahimili joto, kwa sababu tepu ya kawaida ya karatasi huacha gundi ukiitia kwenye oveni.

Kupuliza

Fundi aliyezoea rangi za gari amefundishwa mikono myembamba, mingi, yenye subira. Hapa asahau. Maelekezo ya VHT ni mikono mitatu yenye dakika tano kati ya mmoja na mwingine: wa kwanza ukienda kwa mlalo, wa pili kwa wima, wa tatu kwa mshazari. Kupishana huko kuna sababu. Mistari ya kupuliza ikifuata upande mmoja tu, unene wa rangi unakuwa na matuta na mabonde, na makunyanzi yatafuata mistari hiyo. Ukitazama kava kwa pembe utaona michirizi kama ya shamba lililolimwa.

Joto la kopo, la kava na la chumba vyote vinahusika. Tikisa kopo dakika mbili kamili baada ya kusikia kigololi kikigonga. Likiwa limekaa mahali pa baridi, lilaze kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 35, kwa dakika kumi. Shinikizo litapanda na rangi itatoka kama ukungu badala ya mate. Usilitie kwenye maji ya moto wala karibu na moto wa aina yoyote. Kava yenyewe ipashe hadi iwe na joto la mkono, kati ya 30 na 40. Ikiwa moto zaidi ya hapo, rangi inakauka inapogusa na huwezi kupata unene.

Laza kava kwenye vigingi au makopo, uso mkubwa ukitazama juu, na uwe na nafasi ya kuizunguka. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 25. Anzia kingo na pembe, kwa kuwa huko ndiko rangi hukimbia na kuwa nyembamba, kisha uso wa juu. Mkono wa kwanza uwe umelowa kabisa, unang'aa kama maji. Wa pili uzidi huo. Wa tatu upo ukingoni mwa kumwagika. Kama unajiuliza iwapo rangi imetosha, haijatosha.

Kuta za pembeni ndizo ngumu. Unene unaotakiwa kwa makunyanzi ni unene uleule unaoanza kuteremka kwenye uso uliosimama. Kava fupi yenye kuta za mteremko haina shida. Ile ndefu yenye kuta za wima inahitaji ujanja. Wapo wanaoizungusha kava polepole mkononi mpaka rangi ishike, na inafanya kazi ukiwa na kijiti imara kilichopitishwa kwenye matundu ya bolti. Njia tunayoiona bora ni kuanza na kuta, mikono mitatu yote, kila upande ukilazwa kwa zamu dakika chache, kisha kumalizia juu kabla kuta hazijaanza kukunjamana. Inataka mwendo wa haraka na kupanga mapema utashika wapi.

Dakika tano ni dakika tano. Ukichelewa, uso wa mkono wa kwanza unaanza kujikunja, na mkono unaofuata unajaza mabonde badala ya kuongeza unene. Matokeo ni viraka vya uvimbe. Kama umeitwa na simu katikati na dakika 20 zimepita, usiongeze chochote. Pasha uone kilichotokea, kisha uamue kuvua au la.

Kopo moja linatosha kava ya injini ya silinda nne na kubakiza kidogo. Kwa injini ya V8, yenye silinda nane na kava mbili, nunua mawili, yenye namba moja ya mchanganyiko chini ya kopo, na upulize kava zote mbili katika kikao kimoja. Usimalizie kopo mpaka tone la mwisho kwenye kazi yenyewe: shinikizo likishuka linatema matone makubwa, na kila tone litakuwa kunyanzi kubwa peke yake katikati ya madogo.

Na vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ile ya vumbi haizuii mvuke wa thina.

Joto linalofanya kazi

Rangi inaweza kukunjamana yenyewe kwenye hewa ya joto, na makunyanzi huanza kuonekana katika muda wa nusu saa au zaidi. Lakini kuiachia hewa ni kubahatisha. Tofauti kati ya kazi ya kawaida na ile inayofanana na ya kiwandani iko kwenye joto la baada ya mkono wa tatu.

Acha kava itulie dakika 20 hadi 30 ili thina nyingi ipae. Hii ni usalama kwanza: mvuke wa thina ndani ya sanduku lililofungwa lenye waya uliowaka mwekundu kwa moto unaweza kulipuka. Oveni ya gesi haifai kabisa, na oveni inayopikiwa chakula haifai pia. Kisha ingiza kwenye nyuzi 80 hadi 95 kwa dakika 20 hadi 30. Makunyanzi yatakuja yote kwa pamoja, madogo, yaliyobanana, kutoka ukingo hadi ukingo.

Asiye na oveni atumie bunduki ya hewa moto kutoka sentimita 30, akiitembeza bila kusimama, kwa moto wa chini. Tatizo lake ni kwamba unakunja eneo moja wakati jirani bado limelala, na mpaka kati ya maeneo hayo unaweza kubaki unaonekana. Zungusha kava nzima mara kwa mara badala ya kumaliza kona moja. Taa mbili za joto zilizowekwa pande mbili ni bora kuliko bunduki kwa kava ndefu.

Nyekundu iangaliwe kwa jicho zaidi kuliko nyeusi. Ikipashwa kupita kiasi inaelekea kwenye rangi ya damu ya mzee, na kava mbili zilizopashwa tofauti hazitafanana kamwe. Ziingie oveni pamoja.

Ikishapoa unaweza kuishika, lakini usidanganyike. Chini bado ni laini, na ukucha utaacha alama. Ipe wiki nzima kabla ya kuifunga kwenye injini, na ukifunga, tumia washa pana. Mara ya kwanza injini ikipata moto kutakuwa na harufu na pengine moshi kidogo. Hilo ni kawaida na linaisha.

Kabla ya kugusa kava, puliza kwanza kipande cha bati lililoandaliwa kwa njia ileile, praima ileile, joto lilelile. Kipande hicho kitakuambia ukubwa wa makunyanzi utakaopata, na ukitaka madogo zaidi utapunguza unene kidogo na kupandisha joto. Gharama yake ni mpulizo mmoja wa kopo. Kuvua kava ni nusu siku.

Kusoma makosa

Viraka laini katikati ya makunyanzi ni wembamba wa rangi, karibu kila mara, na hutokea kwenye pembe za ndani na kuzunguka matundu ya bolti. Ngozi ya kenge, yaani makunyanzi makubwa ya ovyo, ni rangi nene mno iliyoachwa kwenye ubaridi. Vishimo vya mviringo vyenye chuma katikati vinatoka kwa silikoni: kuna mtu alipuliza king'arisha dashibodi au kilainisha mpira karibu na hapo, au kitambaa kilikuwa na mabaki yake. Malengelenge ni oili iliyotoka kwenye chuma au thina iliyofungiwa kwa kuingiza oveni mapema. Kubanduka kwa vipande vizima, praima ikibaki chini, maana yake praima ilikaa muda mrefu mpaka ikawa ngumu na haikusuguliwa kwa msasa wa 320. Kubanduka pamoja na praima ni uchafu wa chuma. Makosa haya yote dawa ni moja: jeli ya kuvua, na kuanza tena.

Mbavu na herufi

Kava nyingi zina mbavu au jina la mtengenezaji lililoinuka, linalotakiwa kubaki alumini inayong'aa. Usihangaike kuziba herufi kwa tepu, na usipake nta au grisi juu yake ukitumaini rangi haitashika. Nta itatambaa pembeni na kuharibu kingo. Paka kila kitu, subiri iive, kisha ondoa rangi ya juu kwa msasa uliofungwa kwenye kibao kigumu. Anza na 320, halafu 400, umalizie 600, ukisugua kwa urefu wa ubavu tu. Kibao kiwe kigumu kweli: sponji inazama na kula makunyanzi ya pembeni. Kusugua kwa maji kunazuia vumbi kujaza mabonde. Ukiharakisha kabla rangi haijaiva, haikatiki bali inavutika, na kingo zinatoka zimechanika.

Alumini iliyoachwa wazi itafifia. Unaweza kuifunika kwa laka angavu ya joto kwa brashi nyembamba, ingawa wengi wetu tunapendelea kuisugua tena mara moja kwa mwaka. Laka ikigeuka njano inaonekana vibaya kuliko alumini iliyofifia.

Inavyodumu, na rangi ya unga

Ikishaiva, oili ya injini haiisumbui. Petroli ni habari nyingine: ikidondokea mara kwa mara kutoka kwenye kabureta inayovuja, rangi inalainika na kung'oka mahali hapo. Mafuta ya breki yanaivua kama dawa ya kuvulia. Gari ambalo masta silinda yake iko juu ya kava litengenezwe mfumo wa breki kwanza. Usafi ni brashi laini na maji ya sabuni, kisha hewa. Nta za gari zinaingia kwenye mabonde na kukauka nyeupe, na kuzitoa humo ni adhabu.

Mshindani wake wa kweli ni rangi ya unga ya makunyanzi, inayorushwa kwa umeme na kuokwa karibu nyuzi 200. Ni ngumu zaidi kwa mbali, inastahimili petroli vizuri, na gari linaloendeshwa kila siku tungelipeleka huko. Ila ina mambo yake. Kava lazima iokwe tupu kwanza, kwa joto lisilopungua lile la rangi, la sivyo hewa na oili ndani ya matundu ya chuma vitatoboa unga unapoyeyuka. Kila uzi na uso wa gasketi unazibwa kwa vizibo vya silikoni. Na makunyanzi yake yanalingana mno. Kava ya 1966 iliyopakwa unga inaonekana kama kitu kilichotengenezwa mwaka huu. Kwa gari la maonyesho, ambako jaji anainama na tochi, rangi ya kopo iko karibu zaidi na asili.

Kwa bolti itakayoparuza ukingo siku ya kufunga, hifadhi rangi kidogo. Puliza ndani ya kifuniko cha kopo mpaka ipatikane kama kijiko cha chai, iache dakika mbili viputo vitoke, weka tone nene kwa ncha ya kijiti cha meno juu ya jeraha, na upashe kwa bunduki ya moto wa chini. Kunyanzi litakalotoka halitalingana na majirani zake, lakini chuma kimefungwa na ukiwa umesimama hutaliona.